Nimeuza Road Runner ya 1969 na kutu yake yote

Wengi mmekuwa mkiniuliza mbona ile gari ya kijani haionekani tena nyuma ya picha zangu, wengine mkadhani nimeibiwa, basi jibu ndio hili: nimeiuza. Mwezi uliopita, Jumamosi saa nne asubuhi, imepandishwa kwenye trela hapa Columbus, Ohio, ikaenda zake Indiana, na mimi nikakaa kwenye ngazi za mlangoni kama nusu saa sisemi na mtu. Miaka kumi na moja nimekaa nayo jamani. Sababu ya kuuza ni ya kawaida tu, tunahama, nyumba tunayoenda haina gereji, na gari ya umri ule ukiiacha nje msimu mmoja wa theluji, na chumvi wanayomwaga barabarani huku, umeiua.

Lakini sikuja kulia hapa, nimekuja kusema jambo ambalo nilichelewa sana kulielewa, na nikalielewa kwa hasara. Gari ya zamani ambayo bado ina rangi ya kiwandani, haijawahi kufunguliwa ikapigwa spreyi upya, usiitengeneze ndio uiuze. Iuze vile ilivyo. Najua kwetu Mombasa hili litasikika kama wazimu, manake sisi gari ikitaka kuuzwa kitu cha kwanza ni kuipeleka kwa fundi wa rangi, inapigwa polishi, tairi zinapakwa nyeusi, injini inaoshwa mpaka inang'aa, ndio mteja aje. Nimekulia kwenye hayo mambo, mjomba wangu alikuwa anauza magari, na hiyo ndiyo shule niliyotoka nayo.

Kwa wasioijua hii gari niwaeleze kidogo. Road Runner ni gari ya Plymouth, na Plymouth ilikuwa ya kampuni ya Chrysler, sa hii haipo tena, ilifungwa 2001. Miaka ya 60 Wamarekani walishikwa na homa ya gari za misuli, yaani unachukua bodi ya gari ya kawaida ya familia unaitia injini kubwa ya V8 halafu unamuachia kijana barabara. Shida ni kwamba kila kampuni ikaanza kuongeza mapambo na starehe, bei ikapanda, wale vijana wenyewe wakashindwa kuzinunua. Mwaka 1968 Plymouth wakaja na wazo la kurudi nyuma: starehe toa, mapambo toa, siti ya mbele iwe benchi moja refu kama ya pikapu, lakini injini usiiguse. Injini ya inchi za ujazo 383, ambayo ni kama lita 6.3, nguvu za farasi 335, gia nne za mkono, na bei ya kuanzia chini ya dola 3,000. Wakawalipa Warner Bros. dola 50,000 ili watumie jina na picha ya yule ndege wa katuni anayekimbia, na honi wakaitengeneza ilie kama yeye, bip bip, honi yenyewe imepakwa rangi ya zambarau na ina kibandiko kinachosema hii ni sauti ya Road Runner. Ile yangu kibandiko kilikuwa kimebaki nusu. Mwaka 1969 ziliuzwa zaidi ya 80,000 na jarida la Motor Trend likaipa tuzo ya gari ya mwaka.

Sasa mtu atasema kama zilitoka 80,000 basi si adimu. Ni kweli, zenyewe si adimu sana. Lakini zilikuwa gari za vijana, zikakimbizwa, zikagongwa, zikakatwakatwa, nyingine zimeliwa na kutu, nyingine zikatolewa injini ikaenda kwenye gari nyingine, na zile zilizopona nyingi zimeshafunguliwa zikatengenezwa upya kuanzia msumari mpaka rangi. Iliyobaki vile ilivyotoka kiwandani ndiyo kidogo. Na ukishaipaka rangi upya huwezi kuirudisha, ile ya kwanza imekwenda.

Niliinunua 2014 kwa mzee jirani yangu, fundi wa mitambo aliyestaafu, mtu mpole sana, tulianza kuzungumza kwa sababu ya theluji, nilikuwa nikimaliza kusafisha njia yangu naendelea na yake. Gari ilikuwa imelala kwenye gereji yake tangu 1987, juu yake maboksi, blanketi, ngazi. Siku aliyonifungulia lile blanketi nikaona ile kijani, kijani ya giza yenye kumetameta, code yake F8, imefifia kwenye paa na boneti lakini milangoni bado ukiisugua kwa kidole inakutazama. Akaniambia kijana, hii haijapakwa rangi hata tone. Mimi nikachukulia kwamba ananiomba msamaha! Nikajibu usijali Mzee, nitaipaka. Alinyamaza. Sasa ndio naelewa alinyamaza kwa nini, Mungu amrehemu.

Kuifufua ilinichukua karibu mwaka, jioni na wikendi. Tangi la petroli lilikuwa na kitu kama lami ndani, kabureta ikafunguliwa ikaloweshwa, paipu za breki zilikuwa zimeoza nikaweka mpya, pampu ya maji, belti, tairi. Kila bolti na kila kibati nilichotoa nilikitia kwenye kopo la kahawa, nilijifunza hilo kwa mjomba, usitupe kitu mpaka gari itembee. Siku ilipowaka mara ya kwanza mama watoto alitoka nje na mtoto mgongoni akidhani kitu kimelipuka.

Turudi kwenye kuuza. Mwaka huu mwezi wa tano nilipoamua, nikaenda kwa fundi wa bodi mmoja huku, akaizunguka, akapiga hesabu, kukata kutu, kuziba, rangi nzima, akaniambia dola 22,000 na miezi minane. Nikarudi nyumbani na ile hesabu nikawa najiambia nitakopa, nitaitengeneza, nitauza kwa bei kubwa. Na kwa kuwa nina mkono mwepesi, nikaanza mwenyewe na injini. Nikanunua dawa ya kukata grisi, nikaazima mashine ya kuoshea kwa presha, nikafungua boneti nikaipiga maji. Dakika ishirini injini ilikuwa safi kama sahani. Nikajipongeza. Nikapiga picha nikamtumia jamaa mmoja Mmarekani, rafiki wa yule marehemu mzee, yeye ana Mopar mbili, Mopar ndio jina wanaloziita hizi gari za Chrysler. Alinipigia simu hapo hapo. Akaniuliza, zile alama uliziona kabla hujaosha?

Alama zipi? Kumbe pale kiwandani wakaguzi walikuwa wanaweka alama kwa mkono, mstari wa chaki hapa, doa la rangi ya njano kwenye bolti pale, herufi imeandikwa kwa penseli ya nta kwenye ule ukuta wa nyuma ya injini, kila moja inasema mtu amepita hapa akakaza hii, akakagua ile. Miaka hamsini na ushee zilikuwa chini ya vumbi na grisi, ndio vumbi lenyewe lilizilinda, na mimi nimezimwaga zote kwenye mtaro asubuhi moja. Nilirudi na tochi nikatafuta. Nikapata moja tu, doa la njano kwenye bolti ya boksi la stelingi, lilikuwa limejificha kwa chini maji hayakulifikia. Nililitazama lile doa, nikaumia kweli.

Kuanzia siku ile nikaacha kila kitu. Fundi wa bodi nikamwambia hapana. Mashine nikairudisha. Nikaanza kusoma na kuuliza, na yule jamaa akanifundisha namna ya kuitazama gari kama shahidi. Kwanza namba ya chasi, iko kwenye dashibodi unaiona kupitia kioo cha mbele. Inaanza na RM23, hapo R ni familia ya gari yenyewe, M ndio daraja la Road Runner, 23 ni ile isiyo na nguzo katikati ya vioo. Halafu H ni hiyo injini ya 383, 9 ni mwaka 1969, na A ni kiwanda cha Lynch Road, Detroit. Kwa hiyo kabla hujafungua boneti gari imeshakuambia imezaliwa wapi na ilikuwa na moyo gani. Halafu kuna kibati kidogo kimefungwa kwa skrubu mbili ndani ya madigadi ya kushoto, kina code, E63 ndio injini hiyo hiyo, D21 ndio gia nne za mkono. Kisha unaingia chini kutafuta namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini yenyewe, unapangusa grisi polepole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, sio brashi ya waya, na ukiona inalingana na ile ya dashibodi unashusha pumzi. Yangu ililingana. Nilitoka chini ya gari macho yamejaa uchafu nacheka.

Gia sasa. Namba ya giaboksi haikulingana. Ni giaboksi sahihi, aina ile ile, lakini imetoka kwenye gari nyingine, bila shaka ya kwanza ilivunjwa na mtu wakati gari bado mpya mpya. Sitawaficha, nilikaa siku mbili nikijiuliza niseme au ninyamaze, manake ukiwa umesimama juu huwezi kuiona ile namba. Nikakumbuka nilivyoingia hasara na mitambo niliyouziwa na watu walionyamaza. Nikaamua iwe ndio mstari wa kwanza kwenye tangazo.

Kilichonipa nguvu zaidi ni siti ya nyuma. Jamaa aliniambia ing'oe, unaisukuma kwa nyuma unainyanyua, tazama kwenye springi. Niliing'oa nikakuta kiota cha panya, nyuzi, maganda, pamba, na ndani yake, imekunjwa na kukwama kwenye springi, karatasi. Imegeuka rangi kama chai ya maziwa, kona moja imeliwa, imejaa visanduku na namba zilizopigwa na mashine. Hiyo ndiyo karatasi iliyokuwa ikitembea na gari pale kiwandani, kila mfanyakazi anasoma afunge nini, hii injini, hii gia, hii rangi, hii siti, na ikimaliza kazi inaachwa hapo hapo kwenye springi za siti, hakuna aliyefikiri itatakiwa tena. Nikaifungua kwa kibanio cha nyusi cha mama watoto, mikono inatetemeka. E63. D21. F8. Na namba ya chasi yetu. Nikaitia kwenye plastiki ngumu, na kile kiota nacho nikakitia kwenye mfuko, vipande vingine vya karatasi vilikuwa humo.

Basi nikaandika tangazo. Picha mia na kumi. Na nilianza na ubaya, picha ya kwanza kabisa baada ya ile ya mbele ni tundu la kutu sakafuni kwenye buti, ukubwa wa kiganja, linaonyesha lami chini. Ya pili ni kutu nyuma ya tairi la nyuma kulia. Ya tatu siti iliyochanika upande wa dereva. Halafu namba ya giaboksi. Halafu nikaandika wazi kwamba injini nimeiosha na alama zimepotea isipokuwa moja, na picha ya ile moja. Ndugu yangu mmoja wa hapa Columbus alisoma akanipigia akaniambia unafukuza wateja kwa fimbo. Wapi, simu zilianza usiku ule ule.

Si wote walikuwa watu wa maana lakini. Broka mmoja alinipa dola 18,000 pesa taslimu leo leo, ananiambia hiyo ni chuma chakavu, na wakati huo huo macho hayatoki kwenye ile karatasi. Kijana mwingine, mstaarabu tu, alitaka kuitoa injini aweke ya kisasa yenye kompyuta na kuipaka rangi ya chungwa, alikuwa na pesa nzuri, na sikumchukia, ni gari yake akinunua, lakini nilimwambia ukweli kwamba kwa mradi huo atapata bodi ambayo imeshapakwa rangi mara tatu kwa nusu ya bei na hatakuwa amepoteza kitu, akakubali, akanishukuru. Mwingine hakuja kabisa, alinitumia hundi ya benki imezidi bei kwa dola 4,000 akaniomba ile ziada nimtumie mtu wa kusafirisha gari. Binti wa kaunta pale ninapoweka pesa aliitazama akaniambia usitumie senti yoyote mpaka hundi yenyewe ilipwe na benki iliyoitoa, na kweli ilikuwa bandia. Tafadhali wanaouza vitu huku lishikeni hili, pesa inaweza kuonekana kwenye akaunti na siku kadhaa baadaye ikarudishwa, na wewe ile ziada umeshatuma haipo.

Aliyenunua alikuja na mkewe kutoka Indiana, mwendo wa saa tatu hivi. Watu wa makamo. Hakuomba kuwasha injini. Hakuizunguka. Alitandika mkeka wake akalala chali akaingia chini na tochi, na akakaa huko dakika arobaini, mimi na mkewe tunakunywa chai ya tangawizi tumesimama. Mara namsikia anacheka peke yake. Nikainama kumuuliza kulikoni, akaniambia njoo. Nikalala pembeni yake. Akanionyesha kwa tochi pale rangi ya kijani inapoishia, haikuishia kwa mstari, ilikuwa imerushwa tu kutoka pembeni ikafika inapofika, halafu chini yake ile rangi ya msingi ya kijivu imechuruzika ikakauka kama machozi. Akasema tazama, hawakujali, walikuwa na haraka, gari nyingine iko nyuma inasubiri. Kumbe yeye ana Road Runner ya mwaka huo huo, ameitengeneza kwa miaka sita, inang'aa chini kuliko juu, na kila mashindano anapoteza alama kwa sababu imekuwa nzuri mno kuliko kiwanda kilivyoitoa. Anataka gari ya kuitazama. Anataka kujua waya ulipita wapi, bolti gani haikupakwa rangi, gundi ilizidi wapi. Kitabu hakikuambii hayo, na gari iliyotengenezwa upya haikuambii, inakuambia tu mawazo ya aliyeitengeneza.

Hapo ndipo nilipoelewa thamani ya kitu nilichokuwa nacho, na kwa nini mzee alinyamaza siku ile.

Tukaja kwenye bei. Nilikuwa nataka 34,000, akasema 29,000, akataja giaboksi, akataja buti, halafu akataja na injini, kwa upole kabisa, akasema ungeacha ule uchafu ningekuwa sina la kusema. Tulimalizana 31,500. Jumatatu yake tukakutana benki, akatoa pesa mbele yangu, kisha tukaenda pamoja ofisi ya kaunti ya hati za magari. Hapa Ohio hati ya umiliki, sisi tunaiita logbuku, sahihi ya muuzaji lazima ishuhudiwe na notari, kwa hiyo usije ukaisaini nyumbani mezani ukidhani umerahisisha kazi, ukisaini bila notari umeiharibu utalazimika kuomba nyingine. Na namba pleti unabaki nazo wewe, haziendi na gari. Alirudi na trela Jumamosi ile. Nilishika kitambaa nipanguse vumbi kidogo kwenye boneti ipande ikiwa safi, akanishika mkono.

Na kwa wale wa nyumbani mnaosema mbona sikuileta Mombasa, jamani, Kenya gari ya kawaida ikipita miaka minane haiingii, na usukani wake uko kushoto. Hata ningepata njia ya kuipenyeza, ile hewa ya chumvi pale Nyali ingemaliza kazi ambayo Ohio iliianza.

Nilimpa kila kitu, karatasi, risiti za marehemu mzee za tangu 1974, mfuko wa kiota cha panya, na kopo la kahawa. Juzi amenitumia picha, ameziweka gari mbili ubavu kwa ubavu, boneti wazi, na ile yake ameshaanza kuing'oa waya azipange upya kama za hii. Chini ya picha ameuliza swali moja: paipu ya breki inayopita kwenye chasi upande wa kushoto ina vibati vinne vya kuishikilia, yeye amepata vitatu, cha nne kiko wapi? Nilijua hapo hapo. Nilikitumia 2019 kushikia mlango wa kabati la jikoni uliokuwa unalegea. Nimekifungua leo asubuhi, nimekifunga kwenye kitambaa, kina rangi ya kijani kidogo pembeni ambapo ile spreyi ya Detroit ilikifikia. Mama watoto anauliza mlango utafungwa na nini. Kesho posta inafungua saa tatu.